Good conduct imekwama: dalili, chanzo, na ofisi ya kwenda

Nina saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti, mjini Mombasa. Wengi wanaoingia wanatafuta kazi: mabaharia, walinzi, madereva, akina dada wanaokwenda Saudia na Oman. Karatasi inayowaleta ni moja, cheti cha polisi cha maadili mema, ambacho Kenya nzima hukiita good conduct. Ikitoka salama siwaoni tena. Wanaonirudia ni wale waliokwama, na haya nawaandikia wao.

Kwanza jambo linalosababisha mizunguko mingi kuliko yote. Rekodi ya jinai ya mtu haikai mahali pamoja. Kituo cha polisi kina OB, kile kitabu cha matukio ambamo kila taarifa hupewa nambari na tarehe. Korti ina faili ya kesi: hati ya mashtaka, mwenendo wa kesi, hukumu. Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai, DCI, yenye makao yake Barabara ya Kiambu huko Nairobi, ina alama za vidole, na ndiyo inayotoa cheti. Ofisi hizi tatu hazikutambui kwa njia moja. DCI inakujua kwa vidole, hata ukibadilisha jina mara tatu. Korti inakujua kwa jina na nambari ya kesi, vidole haina habari navyo. Kituo kinakujua kwa siku na saa ya tukio. Ukienda DCI kuuliza hukumu ilisemaje, au kortini kuuliza OB, utazungushwa, na aliyekuzungusha hatakuwa na kosa.

## "Pesa zimekatwa, mfumo wasema sijalipa"

Ombi hufanywa kwenye eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma za mtandaoni, na ada imekuwa shilingi 1,050: 1,000 za cheti na 50 za mfumo. Tangu 2023 malipo ya serikali hupitia nambari moja ya M-Pesa, paybill 222222, kwa hivyo kinachotenganisha good conduct yako na leseni ya jirani ni nambari ya ankara unayoijaza kama akaunti. Kosea herufi moja tu, pesa zitaondoka zisikufikie. Usilipe mara ya pili. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, subiri kidogo, urudi kwenye ankara ile ile uone kama malipo yamesomeka. Yasiposomeka, walalamikie eCitizen wenyewe ukiwa na nambari ya muamala na nambari ya ankara. Afisa anayepiga vidole hana uwezo wa kukusaidia hapo.

## "Nimeambiwa nirudi nikapige vidole upya"

Vyanzo ni vitatu. Cha kwanza ni sisi watu wa saiba: fomu ya vidole, C24, inatakiwa iwe kwenye karatasi moja iliyochapishwa mbele na nyuma. Ukipewa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, irudishe hapo hapo kaunta kabla hujaondoka.

Cha pili ni vidole vyenyewe. Mkata mawe wa Vipingo, fundi wa saruji, mpara samaki, mama wa kufua nguo: mistari ya vidole huliwa na kazi. Mtu kama huyo namwambia apumzishe mikono siku kadhaa, usiku ajipake mafuta ya nazi, na siku ya kwenda anawe kwa sabuni akauke kabisa, kwa maana mafuta ya asubuhi hiyo hufanya wino uteleze. Bibi harusi mwenye piko nzito kwenye ncha za vidole naye heri asubiri lipauke.

Cha tatu ni kumsaidia afisa. Anakushika kidole, anakiviringisha toka ukingo mmoja wa kucha mpaka wa pili, nawe kwa wasiwasi unakandamiza. Alama inakuwa doa jeusi. Ulegeze mkono kama wa mtoto anayevishwa shati, utazame pembeni.

## "Wiki zinapita, bado inashughulikiwa"

Jiulize fomu yako ilikwenda vipi. Aliyepigiwa vidole Huduma Centre, kile kituo cha huduma za serikali, au ofisi ya DCI ya kaunti ana safari moja zaidi kuliko aliyekwenda Barabara ya Kiambu mwenyewe, kwani vidole vyote hulinganishwa huko makao makuu. Ikiwa rafiki yako mliyekwenda naye siku moja ameshapata na wewe hujapata, uwezekano ni miwili: alama hazikusomeka, au zimesomeka zikafanana na zilizo kwenye kumbukumbu na sasa kuna mtu anapekua karatasi. Hii ya pili watu hawapendi kuisikia. Lakini kama uliwahi kukamatwa ukapigwa vidole, hata miaka 15 iliyopita, anza kutafuta karatasi za kesi leo, usingoje jibu.

Na usimfuate kijana anayekaa nje akisema ana mtu ndani. Cheti cha kughushi ni kosa la jinai lenyewe. Utakuwa umejinunulia rekodi uliyokuwa ukiikimbia.

## "Mimi sijawahi kufungwa, rekodi imetoka wapi?"

Hapa namuuliza mtu swali moja: uliwahi kulipa pesa kortini? Jibu mara nyingi ni "ndiyo, lakini ilikuwa faini tu". Faini si "tu". Ulisomewa mashtaka, ukasema ni kweli ili uwahi kazini, hakimu akakutoza. Hiyo ni hukumu ya hatia sawa na ya aliyepelekwa jela ya Shimo la Tewa, tofauti ni adhabu. Wengi hukiri mashtaka madogo ya ulevi au kupigana bila kujua hilo.

Tofautisha na dhamana. Pesa uliyoiacha kituoni au kortini ili utoke nje ni amana ya kukufanya urudi. Uliyeacha dhamana ukapotea hujamaliza kesi. Huenda kuna hati ya kukukamata inayokungoja mpaka leo, na hilo litatuliwe kwa wakili kabla ya kugusa eCitizen.

Na kukamatwa peke yake, ukalala seli usiku mmoja ukaachiliwa asubuhi bila mashtaka, hakukufanyi uwe na hatia. Kutakuwa na mstari kwenye OB, basi.

## "Cheti kimeonyesha kesi ambayo iliisha"

Hili ndilo linaloumiza watu. Mtu alishtakiwa, kesi ikaisha, akaenda nyumbani akasahau. Miaka baadaye anaomba cheti anakuta kesi bado imetajwa. Vidole vilichukuliwa siku ya kushtakiwa vikapelekwa Nairobi. Mwisho wa kesi uliandikwa kwenye faili, na faili ikabaki kwenye rafu ya masjala. Kama hakuna aliyebeba habari ya mwisho kutoka ofisi moja hadi nyingine, DCI inaendelea kuona mwanzo usio na mwisho. Mbebaji huyo itabidi uwe wewe.

Unachobeba ni nakala ya amri au hukumu iliyothibitishwa na korti, yenye muhuri na sahihi. Fotokopi ya kawaida haitoshi, wala barua ya wakili peke yake. Kabla ya kuipeleka, isome. Tafuta kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kilichotumika, kwa sababu "kesi iliisha" ya mtaani ina maana nyingi kortini:

Kifungu 215 maana yake mlisikilizwa mpaka mwisho ukaonekana huna hatia. Kifungu 210, upande wa mashtaka ulimaliza mashahidi na hakimu akaona huna la kujibu. Kifungu 202, mlalamishi hakufika. Kifungu 204, mlalamishi mwenyewe aliiondoa kwa idhini ya korti. Zote hizo zinaishia kuachiliwa huru.

Kifungu 87(a) ni kitu kingine. Hapo mwendesha mashtaka aliiondoa kesi kabla hujaitwa kujitetea. Umeachiliwa, ndiyo, lakini sheria inaruhusu ushtakiwe tena kwa jambo lile lile. Wengi wenye 87(a) hutembea wakijua wameshinda. Kama ndiyo yako, na miaka imepita bila mashtaka mapya, omba pia barua ya ofisi ya mwendesha mashtaka wa umma ya eneo hilo kueleza kwamba hakuna kesi inayoendelea. Amri yenyewe haisemi hivyo.

Ukishapata karatasi, andikia DCI, kitengo cha rekodi za jinai, uombe kumbukumbu zirekebishwe. Ambatisha nakala iliyothibitishwa, kitambulisho, na cheti chenye tatizo. Msingi wako ni Katiba, Ibara ya 35(2): kila mtu ana haki ya kurekebishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomhusu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema vivyo hivyo. Peleka kwa mkono kama unaweza, na uwe na nakala yako ya kugongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, ukirudi mwezi ujao unaanza upya.

Kama kesi iliisha kwa hatia na hatia hiyo unaipinga, njia ni rufaa Mahakama Kuu, nayo ina siku 14 tangu hukumu. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda na kueleza sababu. DCI haiwezi kufuta hukumu ya hakimu, usipoteze nauli.

## "Korti wamesema faili haipo"

"Haipo" ya karani ina tafsiri nyingi. Mara nyingi maana yake ni "ulichoniletea hakinitoshi kutafutia".

Nilimsindikiza mzee mmoja kwenye masjala, nisingependa kutaja ipi. Alikuwa na jina lake na mwaka. Karani akamuuliza kwa adabu, "Mzee, nambari ya kesi ni ipi?" Mzee akajibu, "Mwanangu, mimi nakumbuka jina la hakimu." Kwenye rejista ya mwaka ule, majina matatu ya mzee yule, kwa mpangilio ule ule, yalikuwepo mara nne. Ukijua jinsi pwani tunavyorithishana majina ya babu hushangai. Tulichorudi nacho wiki iliyofuata ni risiti ya dhamana iliyokuwa ndani ya msahafu wa mkewe. Juu yake kulikuwa na nambari ya kesi. Faili ilipatikana siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo tafuta kwanza nyumbani: risiti ya dhamana au faini, samansi, nakala ya hati ya mashtaka, hata ujumbe wa zamani wa wakili. Kesi za tangu 2020, pale faili za kidijitali zilipoanza, nambari zake hutanguliwa na herufi E. Aliyeandika 452 pale palipotakiwa E452 anatafuta kesi ya mtu mwingine.

Huna nambari kabisa? Rudi nyuma mpaka kituoni. Nambari ya OB huandikwa hivi: 23/14/06/2017, yaani tukio la 23 la tarehe 14 mwezi wa 6. Hati ya mashtaka hubeba marejeo ya kituo, na rejista ya korti huonyesha kituo kilicholeta kesi, kwa hivyo tarehe ya kukamatwa na jina la kituo humpa karani pa kuanzia hata bila nambari.

Vyanzo vingine vya "haipo": umekwenda korti isiyo yake. Aliyekamatwa Bamburi anaweza kuwa alifikishwa Shanzu, wala si mjini, na wa Mariakani ana korti yake huko huko. Au mwenzako mlioshtakiwa pamoja alikata rufaa, faili ikaitwa Mahakama Kuu na bado iko huko. Au ni ya zamani imehamishiwa ghala. Kuna hata sheria, ya uondoaji wa kumbukumbu, inayoruhusu faili za zamani kuharibiwa kwa utaratibu maalum. Ikifikia hapo omba barua ya korti inayosema faili ilitafutwa haikupatikana, pamoja na nakala iliyothibitishwa ya ukurasa wa rejista unaoonyesha kesi iliishaje. Rejista huishi kuliko faili, na mstari wake mmoja umewaokoa watu.

Kama karani amekuzungusha bila sababu, muone msimamizi wa korti, kisha hakimu mkuu wa korti hiyo. Juu yao kuna Ofisi ya Ombudsman wa Mahakama, inayopokea malalamiko dhidi ya korti.

## "Jina ni langu, kesi si yangu"

Kitambulisho kilipotea, au ndugu alikamatwa akataja jina lako. Hapa vidole ndivyo vitakavyokutetea. Kama cheti chako kimetoka safi lakini mtu amekuonyesha jina lako kwenye orodha ya kesi, cheti ndicho kilichopima mwili wako, orodha imepima maandishi tu. Pata nakala ya hati ya mashtaka, linganisha umri, nambari ya kitambulisho na makazi, na uwe na ile abstrakti ya polisi, karatasi ya kuonyesha uliripoti, uliyoichukua kitambulisho kilipopotea. Hukuichukua? Wengi hawachukui.

## "Barua yangu haijajibiwa"

Soma uliandika nini. Barua nyingi ninazoletewa nipige chapa zina kurasa mbili za kulalamika na hazina ombi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataka maandishi yenye maelezo ya kutosha kumwezesha afisa kujua unataka nini, na inaruhusu Kiswahili au Kiingereza. Usiogope kuandika kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika anaruhusiwa kueleza kwa mdomo, afisa aandike. Kuomba ni bure, unatozwa tu gharama halisi ya kunakili. Mimi huandika hivi:

"Mimi, mwenye kitambulisho nambari fulani, naomba chini ya Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, nakala ya taarifa iliyoandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo hiki, nambari 23/14/06/2017, inayonihusu mimi. Nikikataliwa, naomba sababu kwa maandishi."

Mistari minne. Ofisi ina siku 21 za kuamua, na inaweza kujiongezea siku 14 kama habari ni nyingi au inahitaji mashauriano. Kama maisha au uhuru wa mtu uko hatarini, ni saa 48. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, peleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman (si yule wa Mahakama), ndani ya siku 30. Sheria hiyo hiyo inaziruhusu ofisi kukataa yanayoweza kuharibu upelelezi au kufichua siri za mtu mwingine, kwa hivyo omba la kwako tu na ulitaje kwa nambari.

## "Nataka kujua rekodi ya mtu mwingine"

Mwenye nyumba anataka ya mpangaji, mama anataka ya yaya. Kwa DCI jibu ni hapana: vidole ni vya mwenyewe, ombi ni la mwenyewe. Mwambie yaya aombe, na ungwana ni wewe umlipie zile 1,050. Kumdai mtu wa mshahara mdogo cheti cha shilingi elfu kabla hujamwambia kama kazi ipo, naona ni uonevu. Cheti kiwe cha karibuni pia, kwa kawaida hukubalika mwaka 1.

Kortini mlango uko wazi zaidi, kwani kesi husikilizwa hadharani, na hukumu nyingi za Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani na Mahakama ya Juu zinasomeka bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Lakini usichukulie ukimya wa tovuti kuwa usafi. Hukumu nyingi za mahakimu, ambako ndiko wizi wa kuku na ugomvi wa matatu huishia, hazimo. Katika kesi za watoto na za ubakaji majina huwa herufi tu.

## "Niko Muscat, nyumbani siwezi kuja"

Ombi na malipo hufanywa eCitizen kama kawaida. Vidole upigiwe huko uliko, ubalozini wanapotoa huduma hiyo au kwa polisi wa nchi hiyo, kwenye C24 uliyoichapisha pande mbili, kisha fomu isafirishwe Nairobi pamoja na ankara na nakala ya pasipoti. Kabla ya kutuma muulize mwajiri kama atataka cheti kithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya, maana kwenye nchi za Ghuba hilo ni la kawaida, na ni rahisi ndugu yako akiwa bado Nairobi na cheti mkononi kuliko kikishafika kwako.

Kumbuka pia kwamba cheti cha Kenya kinasema habari za Kenya. Uliyeishi Dar miaka mitano utatakiwa pia cha Jeshi la Polisi la Tanzania. Uliyeishi Marekani utaandikia FBI, wapelelezi wa huko, kwa ada ya dola 18, nao watakupa muhtasari wao. Ukitaka hukumu yenyewe ilivyosomeka, bado utamtafuta karani wa korti ya kaunti ile uliyoshtakiwa, na swali lake la kwanza litakuwa nambari ya kesi.